Kurudi Juu si Aibu



Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, safu hii imezoea kuwapa wazazi nasaha. Leo mtoa nasaha ndiye aliyekosa, na aliyemnasihi ni mtoto wake mwenyewe. Nimetafakari sana kama niliandike jambo hili au nilifiche. Nimeona nikilificha nitakuwa nimelirudia kosa lile lile.

Sisi watu wa Namasakata tuko mbali na bahari, lakini mkoa wetu wa Ruvuma umejaaliwa kupakana na Ziwa Nyasa upande wa magharibi. Wengi wetu tuna jamaa ng'ambo ya pili, nchini Malawi. Mpwa wangu anafanya kazi Mzuzu, na kwa miaka kadhaa amekuwa akishuka Nkhata Bay siku za mapumziko kwenda kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nkhata Bay ni mji mdogo wa bandari, na ukitazama mashariki kutoka hapo, ng'ambo ya maji ndiko iliko Mbamba Bay yetu. Ilipofika likizo ya shule, alitualika mimi na mwanangu mwenye umri wa miaka kumi na sita, ili kijana naye akaonjeshwe elimu hiyo.

Kabla hatujaondoka, nilitangaza safari ile kwenye baraza ya msikiti. Niliwaambia wazee wenzangu kwamba mwanangu atakuwa kijana wa kwanza wa kijiji chetu kuvuta pumzi chini ya maji. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mtu analipa fedha ili azame?" Tukacheka. Sikujua kwamba kwa maneno yale nilikuwa nimemtwika mwanangu mzigo ambao angeubeba mpaka ndani ya ziwa.

Tulipita Songea, Njombe na Mbeya, tukavuka mpaka pale Kasumulu, tukaendelea kupitia Karonga hadi Mzuzu. Njiani kijana alishikwa na mafua. Alikuwa akipenga kamasi kila baada ya muda, nami nikamwambia ni vumbi la safari.

Asubuhi ya siku yenyewe tulishuka Nkhata Bay mapema. Ziwa lilikuwa limetulia, na maji yake yalikuwa maangavu hata mtu aliyesimama juu ya mwamba aliweza kuhesabu mawe yaliyo chini. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 550, na mahali penye kina kirefu zaidi panafikia takriban mita 700. Ndani yake mna mamia ya aina za samaki ambao Mwenyezi Mungu hakuwaumba katika ziwa jingine lolote duniani. Wale wadogo wa rangi ya buluu na manjano wanaoishi miambani wenyeji huwaita mbuna. Mama wa samaki hao huyabeba mayai na watoto wake mdomoni kwa wiki kadhaa, na muda huo wote hali chakula, au hula kidogo mno. Mpwa wangu alinieleza habari hizo huku akipanga vifaa, nami nikasema, "Subhanallah." Sikujiuliza mzazi wa kibinadamu ameshika nini mdomoni mwake.

Msomaji ambaye hajauona mchezo huu huenda akadhani kwamba mtungi ule mgongoni ni wa oksijeni. Sivyo. Ndani yake mna hewa hii hii tunayoivuta, iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Kifaa cha kisasa kinachompa mzamiaji hewa kwa kipimo kila anapovuta pumzi kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Kabla ya hapo wengi walizama kwa pumzi yao wenyewe, au kwa vazi zito lililounganishwa na mpira wa hewa kutoka juu. Mzamiaji wa leo huvaa miwani inayofunika macho na pua, mapezi miguuni, na mkanda wenye vipande vya risasi ili mwili usielee. Nguo yenyewe huufunika mwili lakini hubana. Kwa hiyo kijana alivaa juu yake kaptura pana na fulana, akasitirika, na hakuna aliyemshangaa.

Mwalimu wa uzamiaji alitukalisha kivulini akatoa mafunzo kabla ya maji. Alitaja kanuni tatu. Ya kwanza ni kwamba mzamiaji hazuii pumzi hata mara moja. Robert Boyle aliieleza sababu yake tangu mwaka 1662: hewa ikikandamizwa hupungua ujazo, na mkandamizo ukiondoka hutanuka. Katika kina cha mita kumi, uzito wa maji na hewa juu ya mwili ni takriban mara mbili ya ule wa juu ya maji. Anayevuta hewa huko kisha akapanda huku ameziba pumzi, hewa hiyo hutanuka kifuani mwake na inaweza kuyachana mapafu.

Kanuna ya pili inahusu masikio. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na koo. Mzamiaji anaposhuka huibana pua na kupuliza taratibu, ili hewa ipite katika mrija huo na kulingana na mkandamizo wa nje. Hufanya hivyo mapema, kabla ya maumivu, na hurudia kila anaposhuka kidogo. Mwenye mafua mrija wake umevimba na kuziba. Akilazimisha, ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mwalimu alisema, "Yeyote anayetaka kurudi juu atarudi, wakati wowote, kwa sababu yoyote. Chini ya maji haulizwi sababu, na akifika juu halaumiwi." Kisha akatufundisha ishara. Kidole gumba na cha shahada vikifanya duara, maana yake ni "niko salama." Dole gumba likiinuliwa, maana yake si "vizuri" kama tulivyozoea, bali ni "tupande juu." Sehemu hiyo ya mwisho niliisikia nusu nusu, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta mahali pazuri pa kusimama ili nimpige mwanangu picha.

Baada ya hapo ililetwa fomu. Kwa kuwa kijana hajatimiza miaka kumi na minane, ilinipasa mimi niijaze na kutia saini. Iliuliza juu ya pumu, moyo, kifafa, na dawa anazotumia. Ikafika mahali ikauliza kama wakati huo ana mafua au maumivu ya masikio. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliliona swali lile, akanitazama, akavuta kamasi kwa sauti ya chini. Nami nilimtazama kwa jicho ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Kisha nikaandika "Hapana," nikatia saini.

Ndugu msomaji, nisijitetee. Nilifikiria safari ya siku mbili, fedha zilizokwisha kulipwa, na baraza ya msikiti. Afya ya mwanangu sikuifikiria.

Waliingia majini watatu: mwalimu, mpwa wangu na mwanangu. Walianza mahali pa kina cha kiuno, wakafanya mazoezi ya kuvuta pumzi na kutoa maji katika miwani. Kisha wakashuka kwa kuifuata kamba karibu na mwamba niliosimama. Niliwaona waziwazi. Hawajafika mita tatu, nikamwona mwanangu anasita. Aliibana pua mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha akainua dole gumba.

Nilifurahi sana. Nilidhani ananiambia mimi babake kwamba mambo ni mazuri. Nikainua na mimi dole gumba langu juu ya mwamba, nikatabasamu, nikapiga picha. Picha ile ninayo mpaka leo. Ndani yake mtoto anaomba atolewe, na mzazi anamshangilia.

Alhamdulillah, mwalimu hakuwa na tafsiri yangu. Alimshika mkono papo hapo, wakapanda taratibu huku kijana akivuta pumzi, bila kukimbilia juu. Alipovua miwani, ndani yake mlikuwa na damu kidogo iliyotoka puani. Mwalimu alimuuliza kama alikuwa na mafua. Mtoto akanyamaza akatazama maji. Ndipo nikasema, "Ana mafua tangu juzi. Mimi ndiye niliyeandika hapana." Mwalimu hakunikaripia. Alimpongeza kijana mbele ya watu wote kwa kutoa ishara mapema, akasema kwamba mzamiaji mwema hujulikana kwa jambo hilo. Kisha akanigeukia akasema kwa upole, "Mzee, fomu hii hatuiweki kwa ajili ya ofisi. Tunaiweka kwa ajili ya mtoto."

Daktari alimpima siku hiyo hiyo. Ngoma ya sikio ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, lakini haikupasuka. Akakatazwa kuzamia mpaka apone kabisa na apimwe tena.

Mpwa wangu alizamia baadaye na mwenzake mwingine, wakakaa chini kiasi cha nusu saa. Kwa ajili hiyo hatukuweza kurudi Mzuzu jioni ile. Anayezamia hufyonza naitrojeni mwilini, nayo huhitaji muda kutoka polepole. Ziwa lenyewe liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Mzuzu uko juu zaidi ya mita 1,200. Kuipanda milima ile mapema, hata kwa gari, ni hatari kwa mzamiaji, kama ilivyo kupanda ndege. Tukalala pale pale. Baada ya swala ya Isha tulikaa ufukweni, mimi na mwanangu, tukitazama taa za wavuvi wa usipa. Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia mwalimu ukweli kabla ya kuingia?" Akajibu, "Baba, niliogopa uso wako kuliko maji."

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili.

Usiku ule nilikumbuka visa viwili vilivyopokewa na Abu Daud, ambavyo nimevisoma mara nyingi bila kuvihusisha na malezi. Kimoja ni cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaioni ruhusa hiyo madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawahesabu wenzake wale kuwa ndio waliomuua, na akaeleza kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Kisa cha pili ni cha Amr bin Al-Aas (R.A.) katika msafara wa Dhatu Salasil. Aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kwamba akioga ataangamia. Akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Walipomshitaki kwa Mtume (S.A.W.), alijitetea kwa aya ya Suratun Nisaa inayokataza watu kuziua nafsi zao. Mtume akacheka, wala hakumlaumu.

Tazama, ndugu msomaji. Mmoja alisukumwa kwenye maji na maneno ya watu, na waliomsukuma wakalaumiwa. Mwingine alijua hali ya mwili wake akayaacha maji, na hakulaumiwa. Ikiwa katika ibada tukufu kama swala mwenye udhuru ameruhusiwa kurudi nyuma, itakuwaje mchezo wa likizo uwe hauna ruhusa?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuacha michezo ya namna hii kabisa. Mimi sisemi hivyo. Mwenyezi Mungu ametutajia katika Suratun Nahl kwamba ameitiisha bahari ili tule humo nyama safi na tutoe mapambo ya kuvaa. Kuogelea kumesifiwa na wema waliotangulia, na nchi iliyozungukwa na maziwa makubwa haiwezi kujivunia watoto wasiojua maji. Burudani ni halali maadamu sitara imehifadhiwa, swala haikupotea, na nafsi haikutupwa kwenye maangamizi. Siku ile tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kufupisha na kukusanya, pale pale chini ya mti, na boti ilitusubiri.

Uzamiaji pia si kitu kigeni kwa Waislamu. Kwa karne nyingi watu wa Bahrain, Kuwait na pwani nyingine za Ghuba waliishi kwa kuzamia lulu, mpaka biashara hiyo ilipoporomoka katika miaka ya 1930, baada ya Wajapani kufaulu kukuza lulu mashambani. Mzamiaji wao aliitwa ghais. Alibana pua kwa kibanio, akashuka kwa uzito wa jiwe, akiwa amefungwa kamba. Juu chomboni alikaa mwenzake aliyeitwa saib, ambaye kazi yake ilikuwa kuishika kamba ile na kumvuta mara tu alipoihisi imetikiswa. Uhai wa ghais ulikuwa katika viganja vya saib. Lakini historia hiyo ina upande mchungu unaotuhusu sisi. Miongoni mwa waliozamishwa katika bahari ile walikuwamo watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haki ya kusema leo naumwa, wala leo sishuki. Tofauti ya mzamiaji wa burudani na mtumwa yule si ubora wa vifaa. Ni kwamba huyu anaweza kukataa. Mzazi anayemnyima mwanawe uwezo wa kukataa amekirudisha katika starehe kile kilichoifanya kazi ile kuwa dhuluma.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa wazazi wenzangu ni hii. Mtoto akienda kuogelea, kuzamia, kupanda mlima au kusafiri kwa boti, mwambie mapema, mbele ya watu, kwamba akitaka kurudi atarudi na hatachekwa. Fedha zilizolipwa zisitajwe mbele yake. Fomu ya afya ijazwe pamoja naye, kwa ukweli, kwa sababu saini yako pale ni ushahidi, na ushahidi utaulizwa. Mwenye mafua asizamie, na mwenye pumu au ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari. Jifunze lugha ya mchezo anaoucheza mwanao, ili siku akiomba msaada usidhani anakusalimia. Na kwa ziwa letu hili, kumbuka kwamba katika maji ya kina kifupi kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Aliyeoga humo apimwe hospitali baada ya wiki kadhaa. Tiba yake, praziquantel, inajulikana na ipo.

Haya hayaishii ziwani. Wako watoto wetu wanaosoma masomo wasiyoyaweza kwa sababu tumekwisha kuyatangaza barazani. Wako mabinti wanaoelekea kwenye ndoa wakiwa wameinua dole gumba, nasi tunapiga vigelegele tukidhani ni furaha. Wako vijana mijini wanaotuma salamu za "mambo mazuri" huku masikio yao yanauma, kwa kuwa wanaziogopa nyuso zetu. Anayewaona ni Mwenyezi Mungu, lakini sisi ndio tuliokabidhiwa kamba.

Tuliporudi Namasakata, Ijumaa ya kwanza wazee wa baraza waliniuliza, "Kijana alizama?" Nilimwachia mwanangu ajibu. Alisema, "Nilishuka mita tatu, sikio likauma, nikarudi juu." Palikuwa kimya kidogo. Kisha yule mzee aliyeuliza kuhusu kulipa fedha ili mtu azame akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Wengi hawajui njia ya kurudi." Nilimwona kijana amenyoosha mabega yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wazazi ambao watoto wao hawaogopi kuwaambia ukweli, atusamehe yale tuliyoyaandika kwa mikono yetu, na atulindie vizazi vyetu nchi kavu na majini. Amin.

Wabillahi tawfiq.